Mchesnati wangu una kidonda cha rangi ya chungwa: niutibu, niukate au niuache?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Miaka miwili iliyopita tulinunua msitu wa ekari tisa huku Pennsylvania ya kati, na mwaka jana nikajiunga na watu wanaojitolea kuurudisha mchesnati wa Kimarekani (American chestnut), ule mti wa msituni wenye kokwa za kuliwa. Nyuma ya nyumba nina visiki vitatu vinavyochipua. Chipukizi kubwa kuliko yote lina urefu wa kama mita tano, na sasa gome lake limepasuka usawa wa kifua, na pembeni kuna vipele vya rangi ya chungwa. Nimelipulizia dawa ya kopa (shaba) mara mbili, nikapaka na rangi juu yake, wapi! Tena majira ya kuchipua nilipanda kokwa ishirini karibu na kijito, nikaweka mbolea, zimebaki sita. Jirani yangu anasema nikate kila kitu nichome kabla hakijaambukiza msitu mzima, halafu ninunue mtandaoni miche ya chesnati inayotangazwa kuwa haipati ugonjwa kabisa. Mti huu nitauponyaje? Au ninapoteza muda wangu?"*

Weka bomba la dawa chini kwanza. Kopa huua kuvu iliyokaa juu ya jani au juu ya gome, na kuvu iliyoleta kidonda chako haikai huko. Vile vipele vya rangi ya chungwa ni sehemu yake ya kuzalia tu, kama uyoga unaojitokeza kwenye gogo. Mwili wenyewe umelala chini ya gome, umetandaa kama upepeo wa nyuzi za rangi ya maziwa, na hakuna dawa ya kupuliza inayofika pale. Rangi uliyopaka nayo imekufichia ukingo wa kidonda, na bila kuuona ukingo huo huwezi kuamua lolote la maana kuhusu mti huu. Ikwangue taratibu kwa brashi ngumu.

Kuvu hiyo inaitwa Cryphonectria parasitica. Ilifika Marekani na miche ya chesnati kutoka Asia Mashariki, na mwaka 1904 ikagunduliwa kwenye miti ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Ndani ya miaka hamsini hivi ilikuwa imeangusha michesnati inayokadiriwa kuwa bilioni tatu hadi nne, kuanzia Maine kushuka na milima yote ya Appalachia hadi Georgia na Alabama. Haihitaji mlango mkubwa. Ufa mdogo wa baridi, tundu la mdudu, tawi lililokwaruzwa na kulungu, panatosha. Ikishaingia hutoa asidi ya oksaliki, asidi ileile inayofanya baadhi ya majani ya mboga yawe makali mdomoni, ila kwa wingi wa kuua. Seli za gome hufa kwa asidi hiyo kwanza, kisha kuvu huzila zikiwa maiti, na mbele yake inaua nyingine. Ndivyo kidonda kinavyotambaa kuuzunguka mti. Siku ncha mbili za kidonda zinapokutana upande wa pili, chakula kinachoshuka kutoka majani hakina njia tena, na kila kilicho juu ya hapo kinakauka. Utaona majani yamegeuka kahawia katikati ya kiangazi na yananing'inia bila kudondoka.

Lakini kuvu hii haiwezi kuishi udongoni. Vijidudu vya udongo, yaani bakteria na kuvu nyingine, huishinda. Kwa hiyo hufa shina, mizizi na shingo yake hubaki hai na kuchipua upya. Visiki vyako vitatu si miti mipya iliyougua juzi. Mizizi ile huenda ina umri mkubwa kuliko nyumba yako, na huenda imeshachipua, ikaugua na kufa juu ya ardhi mara kadhaa kabla hujasaini karatasi za kununua hapo.

Ndiyo maana ushauri wa jirani, ingawa ni wa nia njema, usiufuate. Umeshajaribiwa, tena hukohuko kwenu: mwaka 1911 jimbo la Pennsylvania liliunda tume maalumu ya kupambana na ugonjwa huu, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukata na kuchoma miti iliyoambukizwa ili ugonjwa usisonge magharibi. Mwaka 1913 tume ikavunjwa, ugonjwa ukiwa unasonga kama kawaida. Vimbegu vya kuvu hii vya aina moja hurushwa na upepo, vya aina nyingine hutoka baada ya mvua kama uzi wa njano unaonata na kusafiri kwenye miguu ya wadudu na ndege. Tena kuvu huweza kuishi kwenye miti mingine, hasa baadhi ya mialoni, bila kuiua. Ukikata michesnati yako yote, kuvu itaendelea kuwepo msituni. Kitakachoondoka ni michesnati. Na ukiking'oa kisiki, umefuta moja kwa moja urithi wa mti ulioishi pale kabla ya mwaka 1904.

Sasa tuje kwenye chipukizi lenyewe. Ukishakwangua rangi, chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti ya asilimia 70, kisha kwenye ukingo wa kidonda nyofoa gome kipande chembamba, upana wa ukucha. Gome hai ndani yake lina kijani cheupe na unyevu. Lililokufa ni la kahawia, na mpakani utauona ule upepeo wa nyuzi. Rudia pande mbili, kushoto na kulia, tia alama kwa chaki, halafu zungusha uzi kwenye shina na upime: kidonda kimekula sehemu gani ya mzunguko?

Kama hakijafika nusu, paka tope. Najua linasikika kama tiba ya bibi, ila msingi wake ni uleule niliousema: udongo una viumbe vinavyoishinda kuvu. Chimba udongo chini ya mti huohuo, ukiwa umeondoa majani makavu ya juu, upate ule mweusi wenye uhai wa sentimeta chache za mwanzo. Mchanga wa kijito na udongo wa mfukoni kutoka dukani havifai. Changanya na maji mpaka ushike kama udongo wa kufinyangia chungu. Kandika unene wa kama sentimeta tano kuuzunguka mti wote, si upande wenye kidonda tu, na uvuke kidonda kwa sentimeta 15 hadi 30 juu na chini, kwa sababu kuvu imeshafika mbali kuliko macho yanavyoona. Zungushia nailoni ngumu mara kadhaa, funga juu na chini kwa utepe ili unyevu usitoke. Tope likikauka, kazi imeharibika. Hilo ndilo kosa la kwanza la wengi, la pili likiwa kufunga sehemu fupi mno. Liache miezi miwili hadi mitatu ya majira ya joto, na kuna wanaoliacha mwaka mzima. Ukifungua na kukuta ukingo wa kidonda umevimba kama mdomo wa ngozi mpya unaojikunja kuelekea ndani, tope limefanya kazi.

Ila usijidanganye na neno kupona. Tope huponya kidonda ulichokifunika, mti hubaki dhaifu kama ulivyokuwa. Kidonda kingine kitatokea, pengine mita tatu juu ambako hufiki na ngazi. Unachonunua kwa tope ni muda, na kwa mchesnati muda una thamani moja kubwa: kufikia kutoa maua.

Kama kidonda kimeshameza zaidi ya robo tatu ya mzunguko, sehemu ya juu ina msimu mmoja au miwili. Hapo angalia kama kuna mashuke ya maua au maganda ya miiba. Yakiwepo, liache shina limalize msimu. Yasipokuwepo, likate wakati wa baridi, chini ya kidonda, karibu na ardhi, na uliache kisiki kama kilivyo. Majira ya kuchipua yatatoka machipukizi mengi. Usibakishe moja kwa kudhani litanenepa haraka: bakiza matatu au manne yaliyosimama vizuri, maana kidonda kitachagua chake, na wewe hujui kitachagua lipi.

Kabla hujamwaga jasho lote hilo, hakikisha mti wako ni mchesnati wa Kimarekani kweli, Castanea dentata, kwa sababu mashamba ya Pennsylvania yamejaa chesnati za Kichina na machotara yaliyopandwa na wenyewe wakahama. Chukua jani lililokomaa, mwezi wa saba hivi. La Kimarekani ni refu na jembamba, ni kama karatasi na halina mng'ao, meno yake ya pembeni ni makubwa na yamejikunja kuelekea ncha kama mawimbi, na kitako chake huchongoka moja kwa moja hadi kwenye kikonyo. Ligeuze, ulipitishe kwenye mdomo wa chini: la Kimarekani ni laini lisilo na manyoya, isipokuwa machache kwenye mishipa; la Kichina ni nene, linang'aa juu, na chini utahisi kama kitambaa cha fulana. Kisha tazama kijiti cha mwaka huu. Cha Kimarekani ni chekundu-kahawia na hakina manyoya, macho yake yamechongoka na yamekaa kwa mshazari kama yanataka kuanguka. Cha Kichina kina manyoya mafupi na macho ya mviringo. Mchinkapini, ndugu yao mdogo, huwa na kokwa moja tu ndani ya ganda, wakati mchesnati huwa na tatu. Alama moja isikudanganye, machotara huchukua moja huku na moja kule. Kata kijiti cha sentimeta 20 au 30 chenye majani yake, kibanze kati ya magazeti na kadibodi kikauke kikiwa bapa, kisha kipeleke kwa wanaotambua. Usikifunge kwenye mfuko wa plastiki, kitafika kikiwa uji.

Ukishathibitisha, kazi yenye faida kuliko zote kwenye ekari zako tisa ni kuyapa machipukizi jua. Chipukizi lililo chini ya kivuli cha mialoni na mimepoli (maple) linaweza kukaa miaka bila kuchanua hata mara moja, na mti usiochanua hauna mbegu, hauna chavua, hauna kitu cha kumpa mtu yeyote. Ondoa miti inayolifunika upande wa kusini na magharibi, na ile iliyolikalia kichwani. Fanya kwa awamu, mwaka huu nusu, mwaka kesho nusu: gome jembamba lililozoea kivuli likipigwa na jua ghafla hupasuka, na umeshajua ufa unakaribisha nani. Zungushia uzio wa waya wenye kimo cha mita moja na nusu au zaidi, maana mwanga huo utaita kulungu kula na kujisugua. Mti ukiangushwa usiupitishe juu ya chipukizi. Nimelisema kwa kuwa ndiyo ajali ya kila siku kwenye kazi hii.

Na moja halitoshi. Mchesnati haujichavushi wenyewe: chavua yake ikitua kwenye ua lake, ganda la miiba litakua vizuri, lakini ukilifungua ndani ni vikokwa bapa vitupu. Unahitaji mwenzake wa kisiki kingine, asiwe chipukizi la mizizi ileile, na umbali usizidi kama mita sitini. Visiki vyako vitatu kama viko karibu, ni bahati ambayo wenye mapori makubwa hawana. Ikiwa viko mbali, watu wa kujitolea hufanya uchavushaji kwa mkono. Mwishoni mwa mwezi wa sita, kabla maua ya kike hayajawa tayari, huondolewa mashuke ya kiume yaliyo jirani na ua linafunikwa kwa mfuko wa karatasi. Siku kumi hadi kumi na nne baadaye mfuko unafunguliwa, ua linapakwa chavua ya mti mwingine, linafunikwa tena mpaka mavuno. Si kazi ngumu, inataka tu mtu asiyechoka kurudi.

Kokwa zako ishirini sasa. Kumi na nne zimekufa, na hujaniambia zilikufaje. Chimbua kila palipopotea. Ukikuta shimo dogo na kokwa haipo, ni kindi au panya wa shambani. Mche uliokatwa usawa wa udongo na alama za meno, ni panya tena. Mche uliosimama umekauka, mzizi wake mkuu ni mweusi, umelainika na ngozi yake inavulika ukiivuta kwa vidole, huo ni ugonjwa mwingine kabisa, uozo wa mizizi wa Phytophthora cinnamomi, na huo ni mbaya kuliko huu wa gome kwa sababu unaua mizizi yenyewe. Hauachi kisiki cha kuchipua. Huo ndio ulioanza kuwafukuza michesnati kwenye mabonde ya kusini tangu karne ya kumi na tisa, kabla ile kuvu ya gome haijafika. Vimbegu vyake huogelea kwenye maji yaliyojaa udongoni, na husafiri na tope la viatu na vyungu vya kitalu. Majira ya baridi kali huuzuia, ndiyo maana ulikuwa wa kusini zaidi, ila umekuwa ukipanda kaskazini.

Hata kama si ugonjwa huo, kando ya kijito palikuwa mahali pabaya. Mchesnati ni mti wa mteremko. Unataka udongo wa tifutifu wenye kichanga, unaopitisha maji, wenye pH ya 4.5 hadi 6.5. Usiweke chokaa hata kama nyasi za jirani zinaipenda. Majani yatakuwa ya njano katikati ya mishipa kwa kukosa madini ya chuma. Chimba shimo la sentimeta 30, lijaze maji, likikauka lijaze tena. Kama kesho yake bado kuna maji, tafuta pengine. Na mbolea mwaka wa kwanza usiweke kabisa. Kokwa imebeba chakula chake, na chumvi ya mbolea huunguza kile kimzizi kimoja kinachoshuka.

Msimu ujao fanya hivi. Kokwa zikidondoka mwezi wa tisa au wa kumi, ziokote siku hiyohiyo. Kokwa ya chesnati si kama punje ya mahindi, ikikauka imekufa. Zitumbukize kwenye maji ya nyuzi 49 za Selsiasi, yaani 120 za Fahrenheit, kwa dakika 20, kuua mabuu ya fukusi yaliyo ndani. Shika kipimajoto mkononi muda wote: yakipungua fukusi wanasalimika, yakizidi umepika mbegu. Zipoze, zifute, zichanganye na mboji ya kinamasi iliyolowa kidogo tu, kiasi kwamba ukiiminya kwa nguvu hutoa tone moja au mbili, ziweke kwenye mfuko wenye vitundu ndani ya friji, nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi, siku tisini au zaidi. Kagua kila baada ya wiki mbili na utoe zenye ukungu. Kuelekea mwezi wa tatu utaona vimzizi vyeupe. Panda udongo ukishapata joto, kina cha sentimeta mbili na nusu, kokwa ikiwa imelala ubavu na kimzizi kikitazama chini. Weka mrija wa plastiki wa kukinga mche, uzamishe sentimeta tano ardhini panya wasipite chini, na juu yake funika wavu mdogo ndege wasitumbukie wakafia humo. Wavu uondoe mche ukikaribia mdomo wa mrija. Palilia duara la mita moja, mwagilia mara moja kwa wiki mvua isiponyesha kiangazi cha kwanza, na matandazo yasiguse shina.

Miche "isiyopata ugonjwa kabisa" usinunue. Nasema hivyo bila kujua anayeiuza, kwa sababu mchesnati wa Kimarekani wa namna hiyo haupo. Kinachouzwa huwa ni cha Kichina, au chotara, au cha Kimarekani halisi kilichosindikizwa na maneno matamu. Cha Kichina ni mti mzuri wa bustanini, huzuia kidonda kwa kujijengea ukuta wa seli ngumu kukizunguka, lakini hutawanya matawi chini kama mwembe, hauwezi kupanda kushindana na miti ya msitu wa Appalachia.

Jitihada za kuupata huo usiokuwepo zina historia ndefu. The American Chestnut Foundation, shirika la kuurudisha mchesnati wa Kimarekani, ilianzishwa mwaka 1983 kwa wazo la mtaalamu wa jenetiki Charles Burnham: changanya wa Kimarekani na wa Kichina, kisha mtoto umrudishe kwa wa Kimarekani mara tatu, ukibakiza kila safari wale wanaostahimili. Kwa hesabu utapata mti wenye sehemu kumi na tano kwa kumi na sita za Kimarekani na kinga ya Kichina. Ilidhaniwa kinga iko kwenye jeni mbili tatu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha imetawanyika kwenye jeni nyingi, kwa hiyo kila unapoongeza Umarekani unapoteza kinga kidogo. Miti iliyopatikana ni ya katikati: inavumilia kuliko wa asili, haifikii wa Kichina. Kazi inaendelea kwa kuchagua wazazi kwa kusoma vinasaba vyao, na si kazi ya bure.

Njia ya pili ni ya chuo cha mazingira na misitu cha jimbo la New York, kule Syracuse, ambako William Powell na Charles Maynard waliingiza jeni moja ya ngano inayovunja ile asidi ya oksaliki. Mti huo ulijulikana kama Darling 58. Mwezi Desemba 2023 foundation ikajitoa kwenye mradi huo, baada ya kubainika kwamba miti iliyokuwa ikijaribiwa kwa miaka ilikuwa Darling 54, jeni ikiwa imeingia kwenye kromosomu nyingine, na baada ya matokeo ya shambani kutokuwa thabiti. Chuo kiliendelea na maombi ya kibali. Usikubali anayekuambia ukurasa huo umefungwa, wala anayekuambia mche unakuja mwakani.

Huenda pia utasikia habari za virusi vinavyoifanya kuvu iwe mgonjwa. Ni kweli, na Ulaya vimewaokoa michesnati wengi wa kwao. Shida ni kwamba virusi hupita kutoka kuvu moja hadi nyingine pale tu nyuzi zao zinapokubali kuungana, na Marekani kuna koo nyingi za kuvu hii zisizoungana. Kwa hiyo vinatibu kidonda kimoja na kuishia hapo. Si dawa ya kutafuta kwa ajili ya mti wako mmoja.

Je, unapoteza muda? Inategemea ulitarajia nini. Kama ulitaka kukaa chini ya mchesnati wenye unene wa mapipa manne uzeeni, ndiyo, utasikitika. Lakini wanaochanganya mbegu wanahitaji wazazi wa Kimarekani wengi, wa kutoka kila bonde, kwa sababu mti utakaorudishwa ukitokana na wazazi wachache tu utaangushwa na ugonjwa unaofuata. Wazazi hao ni machipukizi kama yako. Kokwa zako sita ukizifikisha miaka minane au kumi, kabla kidonda hakijazimaliza, zitakuwa zimechanua na kutoa chavua. Mti uliougua ukiwa umeshaacha mbegu umefanya kazi yake.

Hilo ndilo linalowaumiza wengi wanaoanza kujitolea, hasa kwenye mashamba ya majaribio. Pale miche hupandwa kwa kubanana, ikifika miaka mitatu hivi hutobolewa tundu dogo kwenye gome mwezi wa sita na kuwekwa kuvu makusudi, kisha vidonda hupimwa na miti mingi hukatwa. Mtu aliyemwagilia mche miaka mitatu anaombwa ashike msumeno. Ukikaribishwa kwenye kazi hiyo, jua hivyo mapema. Na usijaribu kuweka kuvu mwenyewe nyumbani: hutumiwa aina maalumu, moja kali na moja dhaifu, na bila kipimo hicho kidonda chako hakimwambii mtu kitu.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, unahitaji mtu aje. Kutambua mti na kuamua kama uingizwe kwenye hifadhi ya mbegu, wasiliana na tawi la foundation la Pennsylvania na New Jersey. Programu ya simu ya TreeSnap nayo hupokea picha na mahali mti ulipo. Kuangusha miti mikubwa inayolifunika chipukizi, mwite mkata miti mwenye ujuzi, na usipande kamwe shina la mchesnati lililokufa, hata liwe linaonekana imara, sehemu iliyokufa juu ya kidonda hukatika ghafla. Machipukizi yaliyo nje ya mpaka wako, kwenye msitu wa jimbo au mbuga, usiyaguse bila ruhusa, hata kwa kuokota kokwa.

Na kama miche ile kumi na nne ilikuwa na mizizi myeusi, usipande chochote upande ule wa kijito mpaka upate jibu la maabara. Ofisi ya ugani ya Penn State ya kaunti yako itakuelekeza pa kupeleka. Osha viatu na jembe kabla ya kupanda mteremkoni kwenye visiki vyako. Chukua mche uliokufa karibuni au unaonyauka sasa, wa mwezi uliopita haufai, ung'oe na mizizi pamoja na udongo wake kiasi cha vikombe viwili, weka kwenye mfuko wa plastiki bila kuongeza maji, na uupeleke mwanzoni mwa wiki usije ukalala njiani. Mizizi usiioshe.